Roze Iliyokatwa kama Ndizi

Weye mama mwenye ulishika titi yako jana kwenye kuoga, ukasikia kintu, ukanyamaza: haya maneno ni yako. Bengine basikilize tu, miye sikatazi mutu. Hapa Kabuta, upande wa Zambia, banasemaka Bana Mwape akifungua kinywa, samaki inakauka bila jua. Ni kweli! Bana Mwape njo miye, mama ya Mwape, muzaliwa wa ngambo ya Congo. Nilivuka ziwa Mweru na pirogi kukuya kuolewa na mwanaume wa kiBemba, na tangu ile siku hii kinywa haijapumzika. Ni kintu moja tu ilininyamazisha. Hiyo njo nataka kuwaelezea, pamoja na maua yake.

Ilianza wakati tunaanika chisense, zile samaki ndogo-ndogo tunamwagaka kwenye muchanga. Niliinama, mukono ukagusa pembeni ya kifua, na pale kulikuwa kagumu, kama karanga ndani ya ganda. Haikuuma. Kama ingeuma ningekimbia kliniki ile ile asubui. Sisi hapa, kintu yenye haiumi haiko ugonjwa. Banamuke benye nilikuwa nabo balikagusa mumoja mumoja, kama banachagua nyanya sokoni.

“Awe, mayo, hapana, hii ni maziwa iliganda,” mumoja akasema.

“Maziwa ya nani? Mutoto wangu wa mwisho eko na ndevu!”

Tukacheka sana, kunguru zikatuibia samaki. Na karanga ikabakia pale pale. Mvula ikakuya, mvula ikaisha, chuchu ikaanza kuingia ndani kama kitovu. Pale njo nilimuonyesha bwana yangu, Ba Shi Mwape. Aliangalia. Akavaa kofia yake, akatoka inje, akaenda kukaa ndani ya pirogi yenye ilikuwa juu ya muchanga, mukavu, hata nyavu hakuna. Alikaa pale mpaka bukari, ugali yake, ikapoa.

Bon. Kliniki balinituma lupitalo, hospitali kubwa ya Nchelenge. Nchelenge balinituma Mansa. Mansa balinituma Lusaka. Kila mahali ni benchi, na kwenye kila benchi banakwambia: ngoja kwanza. Nimengoja kwenye benchi ya mbao, ya chuma, ya simenti. Unabeba picha za ndani ya kifua yako kwa bahasha kubwa, hauyue kusoma, unaziangalia tu kwa dirisha: mawingu, mawingu. Kwenye ukuta kulikuwa televizio bila sauti, batu banapika chakula, banatabasamu. Miye nikawa nasema ndani ya roho: kama banatabasamu hivi, basi haiko miye banaongelea.

Kule Lusaka balinipasua, balitosha titi, balikata yote. Nilipoamuka nilipeleka mukono, nikakuta bandeji, na chini ya bandeji paka mbavu tu. Na ilikuwa ile upande wa kazi! Bana wangu bote balinyonya upande ule, sababu ule mwingine ulikuwaka mvivu tangu busichana. Balitosha mwenye kutumika, balibakisha mvivu. Nilimwambia sista wa lupitalo ile kintu, akacheka, na miye nikacheka, alafu nikageukia ukuta na sikugeuka tena mpaka siku ya pili.

Nyuma ya kupasua kunakuya mayi. Banakuwekea sindano, na ndani ya mupira kunashuka dawa nyekundu kama fanta. Sisi tuliiita mayi nyekundu. Unakunywa kwa mushipa, unarudi kwenu, unatapika, unaanza kupona kidogo, na pale pale siku ya kurudi imefika. Njo namna ile miye nilihesabu mwaka: haiko kwa miezi, ni kwa mayi.

Mayi ya kwanza njo nilipomukuta Mama Doris.

Kwenye chumba ya kungojea kulikuwa kiti kimoja karibu na dirisha, mguu mumoja mufupi, kinayumba. Batu bote balikuwa banakikimbia. Juu yake alikuwa anakaa mwanamuke wa Kitwe, murefu, mukavu, na kofia ya kusuka ya rangi ya machungwa. Alisema kiBemba ya kule kwa migodi, yenye mbio.

“Kuya huku, mama. Kaa pembeni yangu. Kiti yangu inacheza, tutafurahi.”

Nikakaa.

“Ni mara ya kwanza?”

“Ya kwanza.”

“Ukikojoa nyekundu, usipige kelele. Miye nilipiga kelele, sista akakimbia na ndoo.”

Lesa, Mungu wangu! Nilicheka pale kati ya bagonjwa bote, mpaka mushono ikaniuma. Ni yeye alinishika kichwa kwenye beseni ile magaribi. Na akanionyesha foni yake. Ndani ya foni kulikuwa maua moja, roze, kubwa kama ngumi. Ndani yake manjano, na kwenye midomo ya majani yake nyekundu, kama embe ile upande ya jua. Alikuwa naye kwa kalupango kake, kiwanja kadogo ya nyumba Kitwe, kati ya choo na ukuta.

Nikamuuliza: “Inakulwa?”

“Haikulwi.”

“Inaponya?”

“Haiponyi kintu.”

“Sasa inafanya nini?”

“Inatoa maua, na weye unaamuka asubui kwenda kuiangalia. Ni hiyo tu.”

Nikaona huyu mwanamuke mayi imepanda kwa kichwa.

Mara ya pili aliniletea muti yake ndani ya kopo ya rangi, fimbo mbili tatu na majani mekundu-mekundu. Akaniwekea kwa magoti. “Uipande kwa jua. Mbuzi isiione. Siku itatoa maua, kata moja, uniletee hapa, kwenye hii kiti. Siitaki kwenye foni. Nataka kunusa.”

“Kutoka Mweru mpaka Lusaka? Maua itafika imekuwa chai!”

“Uniletee hata chai.”

Nikamwahidi.

Kwenye basi batu balilalamika juu ya miiba njia yote. “Mama, huyu mutoto wako anauma batu!” Kabuta nako: “Bana Mwape alienda kutafuta dawa, amerudi na miiba.” Dada ya bwana yangu alisimama kwa mulango, akaangalia kopo, akaangalia kifua yangu, akasema pole-pole, kama mutu anasema na kuku zake: “Mwanamuke wa ngambo, na sasa ni nusu.” Ile neno iko ndani yangu mpaka leo. Mushono ilikauka, ile haijakauka.

Tulipanda roze mbele ya nyumba, kati ya jiko na lupango ya jirani, pakubwa kama mukeka. Tukaizungusha na nyavu ya zamani, mbuzi isiikule. Na miye nikalala kwenye mulango. Mayi ya pili haikuwa kama ya kwanza. Nywele ilitoka na mto. Kucha zikawa nyeusi. Sombe, zile majani ya muhogo, miye mwenye nilikuwaka nakula sombe ata asubui, ilikuwa inanuka kama chuma. Mujukuu wangu mudogo aliniona bila kitambala akakimbia kujificha nyuma ya pipa ya mayi, akauliza: “Yule tate anafanya nini kwa nyumba ya kambo?” Kambo njo miye, nyanya yake; akafikiri miye ni mwanaume. Bwana yangu akahamia chini, kwenye mukeka yake mwenyewe. Alisema ni juu ya joto. Joto gani, kwa mvula ile?

Ile roze njo nilikuwa naona kutoka kwa mulango. Sikuipenda, siwadanganyi. Niliiangalia tu juu ilikuwa mbele ya macho. Alafu siku moja chini kabisa, karibu na udongo, kukatoka mutoto wa muti. Munene, na miiba mingi, anapanda mbio! Nikasahau kutapika. Nikaita: “Ba Shi Mwape! Kuya! Imezaa!” Naye akakuya, akachuchumaa, akaishika kama mutu anamusalimia mukwe yake.

Mayi ya tatu ilifika wakati Mweru ilikuwa imefungwa, ile miezi serikali inakatazaka kuvua, batu bote banakaa tu na nyavu kwa ukuta. Mama Doris alikuwa kwenye kiti yake. Kofia ya machungwa ilikuwa kubwa kupita kichwa.

“Imetoa?” akauliza.

“Bado, lakini iko na mutoto chini, mukubwa, anapita mama yake!”

Hakusikia. Alikuwa amelala na kinywa wazi, na kiti kinayumba kidogo na pumzi yake. Sikumuamusha. Kama ningemuamusha...

Niliporudi, Ba Shi Mwape alinipokea kwa barabara. Alikuwa anatabasamu, mwaka ule ilikuwa mara ya kwanza. Akanishika mukono. “Kuya uone kintu nimekufanyia.”

Alikuwa ameikata. Ile ya juu yote, fimbo zote za zamani, mpaka chini. Akabakisha paka ule mutoto tu.

“Kama ndizi,” akasema. “Mama alikuwa amechoka, anakula udongo bure. Nimemukata, mutoto apate nguvu.”

Na miye nilimushukuru! Nilimushika mashavu pale kwa barabara, mbele ya batu. Juu sisi bote ni batu ya ndizi na muhogo, tunayuaka: mutoto akikuya, mama anakatwa. Nani alitufundisha ingine?

Mweru ikafunguliwa. Mvula ikaisha, baridi ikakuya na ule upepo wa mayi unaoingiaka kwa mifupa. Mutoto alikuwa murefu kama muti ya kuvulia, akainama, akapita juu ya nyavu. Miiba, miiba. Maua hakuna. Miye nilikuwa nimekunywa mayi ya ine, na kule kiti ya Mama Doris haikuwa na mutu. Bon, nikasema siku zetu zimepishana tu. Nikatafuta mutu na foni yenye inashika, nikamuita.

Sauti ilikuwa mbali, kama anasema kutoka ndani ya chungu.

“Mama Doris, mutoto amepita nyumba, lakini maua hakuna.”

“Mutoto gani?”

Nikamuelezea. Nikafikiri foni imekatika.

“Bana Mwape, roze haiko ndizi,” akasema. “Ile ya chini ni muti ya pori. Yangu baliiunganisha juu yake, balimubebesha kwa mugongo yake, kama mutoto. Mumekata mutoto, mumebakisha mugongo.”

“Sasa tufanye nini?”

“Hakuna. Imekwisha, mama.”

Hakukasirika. Kama angenitukana ningelala. Niliita tena siku ingine, na ingine. Ile sauti ya mwanamuke wa foni ikasema kiingereza, mutu haipatikani.

Weye mwenye unasikiliza, ukifika hapa utanielewa. Mutu hafi moyo siku banamwambia ugonjwa. Ile siku batu ni bengi, banalia, banaleta kuku. Unakufa moyo kwa kintu kadogo, siku yenye haina jina. Miye nilivumilia kisu, nikavumilia mayi ya ine, alafu nikashindwa na fimbo ya miiba. Nikaona: kintu moja tu niliahidi mutu, na haikuwa kazi kubwa, kuamuka na kumwagilia mayi, na hata hiyo imenishinda. Mwili huu utapona namna gani?

Siku ya kwenda kwa mayi ya tano ilipokaribia sikufunga mufuko.

“Basi iko kesho,” bwana yangu akasema.

“Iende.”

“Sista alisema kama haumalizi, ile ugonjwa inarudi na ndugu zake.”

“Irudi. Itanikuta hapa kwa mulango.”

Mwape mutoto wangu aliita kwa foni akalia, mwanaume muzima. Bamama ya kanisa balikuya kuimba, nikafunika kichwa na kitenge. Na miye nilimuangalia bwana yangu, nikamwambia neno yenye sikupashwa kusema: “Uliniua na upanga yako.” Alitoka inje. Nilisikia pirogi inasukumwa kwa muchanga, alafu sikusikia kintu.

Asubui alisimama kwa mulango na matope kwa miguu. “Amuka.”

“Niache.”

“Amuka, Bana Mwape. Ni hapa nyuma ya jiko.”

Nyuma ya jiko njo tunamwagaka mayi ya sahani. Pale kulikuwa fimbo zilipandwa kwa mustari, zote zinalala upande, vile tunapandaka muhogo. Nikaziangalia. Nikaona miiba.

“Ni zile nilikata,” akasema. “Nani anatupaka miti? Nilizichomeka kwa udongo ile siku ile ile, nikasahau.”

Zote zilikuwa nyeusi, kavu, zimekufa. Paka moja tu haikukufa. Kwenye jicho yake kulitoka kajani kamoja, kadogo kama kucha ya mutoto mwenye kuzaliwa, kekundu.

Musifikiri nilifurahi. Nilikaa pale kwenye matope ya sahani nikalia na sauti mbaya, kama mbuzi. Nililia juu ya titi, juu ya nywele, juu ya ile neno ya dada yake, juu ya fimbo zote zenye zilikufa na hii moja yenye haikuyua kama wenzake wamekufa. Ba Shi Mwape hakuyua afanye nini na kilio, basi akaenda kufunga mufuko yangu. Alifunga mubaya, nguo tatu na sahani moja. Sikuyua sahani ni ya nini. Nikaenda.

Nilienda kwa sababu moja, haiko kupona. Nilitaka kumwambia Mama Doris kuna jani.

Kiti ilikuwa tupu. Nikamuuliza sista, mwanamuke munene, wa roho nzuri, mwenye anachomaka sindano bila kuumiza. Alikuwa anatafuta mushipa yangu, hakuinua macho. “Balibadilisha siku yake, mama,” akasema. Nikaamini. Mutu anaamini vile anakunywa mayi, juu eko na kiu. Nikakunywa mayi nyekundu ya tano. Nikarudi nikakunywa ya mwisho. Kila mara nilimuachia sista neno: mwambie limekuwa majani mawili. Mwambie sasa inafika kwa goti. Sista akawa anasema, ndiyo, mama.

Mayi ikaisha. Hakuna ngoma. Hakuna mutu anakwambia umepona. Dokta anasema, tutaangalia, ukuye nyuma ya miezi. Nywele ilirudi nyeupe, laini, kama ya mutoto wa muzungu, na mujukuu wangu sasa anaigusa, anacheka. Mukono ya upande ule ulivimba, haubebi tena ndoo, na kila kauma kadogo, kwa mugongo, kwa kikoozi, roho inaruka: imerudi? Bwana yangu alirudi kwa kitanda wakati wa mvula. Akaleta mukeka yake, akaukunja, akauweka juu ya dari.

Na ule muti wa pori mbele ya nyumba, nilimwambia asiukate. Umefanya nini? Ni mugongo tu.

Roze ya nyuma ya jiko ilitoa kitumba wakati wa joto, mbele ya mvula ingine, na siku yangu ya kuangaliwa Lusaka ilikuwa karibu. Niliichunga kitumba ile kama chungu kwa moto. Ilifunguka asubui. Manjano ndani, nyekundu kwenye midomo. Niliweka pua: inanuka kama chai na maembe, na kidogo sabuni ya sahani. Ba Shi Mwape alikuya, akavua kofia. Nikaikata na kisu ya samaki, nikaitia kwa chupa ya mayi, nikaifunga na kitenge yenye mayi, nikapanda basi.

Njia yote nilibeba ile chupa kati ya magoti. Majani mengine ilianguka Mansa, mengine Serenje. Nikayaokota, nikayatia kwa mufuko ya nguo. Chai, nikasema. Nimeleta chai.

Kwenye chumba ya kungojea hakuna kintu ilibadilika. Televizio bila sauti. Kiti kwa dirisha, tupu. Sista alipita na karatasi, akaona chupa, akasimama.

“Hii ni ya Mama Doris,” akasema.

“Ndiyo. Siku yake ni lini?”

Aliweka karatasi chini. Akanishika bega, ule upande wenye hauna kintu, na akaushika muda murefu. Njo pale nilielewa, na nilielewa kwamba ni tangu zamani, tangu lile jani la kwanza. Majani mawili, goti, yote ile nilikuwa natuma kwa mutu mwenye hayuko.

Niliweka chupa juu ya kiti yake. Chumba kikajaa. Batu balikuwa banasimama kwa ukuta, balikuwa banaona chupa, hakuna mwenye kuiondoa. Jina yangu haikuitwa bado, na ile kintu banatafuta ndani ya picha zangu za mupya siyue kama bameiona. Nikakaa, nashika goti.

Alafu akaingia mwanamuke mudogo, miaka ya mutoto wangu wa mwisho, na bahasha kubwa kwa kifua kama sahani. Aliangalia benchi zote. Akakuya mbele yangu.

“Mama, hapa kuna mutu?”

Nikafungua kinywa. Miye, Bana Mwape! Hakuna kintu kilitoka. Akangoja, na viatu vyake vinagusana, na nikaona anakunja-kunja pembe ya bahasha mpaka inalia.

Nikainua chupa.

“Hakuna,” nikasema. “Kaa. Inayumba kidogo, utazoea.”

Alikaa. Kiti ikacheza, akashika ukuta. Nikamupa roze aishike, juu mikono yake ilikuwa inatafuta kintu. Akaweka pua, akafunga macho.

“Ni mara ya kwanza?”

“Ya kwanza, mama.”

“Ukikojoa nyekundu,” nikamwambia, “usipige kelele.”